Barua ya wazi kwa bodi ya hospitali yetu ya rufaa: saratani ya mfupa haisubiri faili

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Hospitali,
Mkurugenzi Mtendaji,
Wakuu wa Idara za Mifupa, Saratani, Patholojia na Famasi.

YAH: HUDUMA KWA WATOTO NA VIJANA WENYE SARATANI YA MFUPA, NA VIFAA VYA KUUJENGA MFUPA UPYA

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa binti wa miaka 15 aliyekatwa mguu wa kushoto hospitalini kwenu mwaka jana kwa sababu ya saratani ya mfupa. Ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari ya kata, mwaka wa 19 sasa. Jina la hospitali sikulitaja humu, wala la daktari au muuguzi yeyote, kwa kuwa sikuja kumshtaki mtu. Wauguzi wa wodi ya watoto walimgeuza mwanangu kitandani usiku kucha alipokuwa hawezi kujigeuza, na sitawasahau. Nawaandikia ninyi mnaopanga bajeti, mnaoagiza vifaa na mnaosaini taratibu.

Hii ni barua yangu ya nne. Ya kwanza niliitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Ya pili niliipeleka masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele yangu, na nakala ninayo. Ya tatu nilimkabidhi mkononi afisa wa ustawi wa jamii, akaniahidi jibu ndani ya siku 14. Imepita miezi minne. Kila nikiuliza, naambiwa, "Mama, tunalifanyia kazi." Nimesubiri kwa adabu hadi adabu yenyewe imeanza kuwaumiza wengine, maana wodini naona watoto wapya wakiingia na magoti yaliyovimba kama la binti yangu, na mambo ni yaleyale. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Nianze na picha moja. Binti yangu alikuwa mchezaji wa netiboli. Goti lilipoanza kuuma tulisema ameteguka, akachuliwa kwa mafuta. Zahanati walitupa dawa za maumivu mara tatu. Maumivu yakawa ya usiku, ya kumwamsha akilia, ndipo tukaletwa kwenu. Daktari kijana aliibandika filamu ya eksirei kwenye kisanduku cha taa. Juu kidogo ya goti, mfupa wa paja ulikuwa umetoa miali kuelekea pembeni, kama jua wanavyolichora watoto wa chekechea. Nikamuuliza ile miali ni nini. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Ni mfupa, mama. Saratani hii yenyewe inatengeneza mfupa."

Jibu hilo limekaa nami hadi leo, na nawashukuru kwa kuwa na kijana aliyeweza kulisema. Kwa wasomaji wengine wa barua hii nieleze kidogo. Osteosakoma, yaani saratani hii ya mfupa, huanzia kwenye seli ambazo kazi yake ni kujenga mfupa. Hupenda umri wa kurefuka, kati ya miaka 10 na 20, na hupenda jirani na goti, pale mfupa unapokua kwa kasi. Seli zimeasi, lakini ufundi wake hazijausahau: zinaendelea kumwaga kalsiamu na fosfeti ovyo, nje ya ramani. Madini yanayomwezesha mtoto kusimama ndiyo hayohayo yaliyokuwa yakimchora jua la kifo pajani.

Sasa nieleze malalamiko yangu.

1. Siku 49 za kusubiri jibu la kinyama

Kinyama, yaani kipande cha uvimbe cha kupimwa, kilichukuliwa Jumatatu. Nilikiona kwa macho yangu: vipande viwili kama punje za mchele ndani ya kichupa cha fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, jina la mwanangu limeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya plasta ya kidonda. Nikapewa mimi, mzazi, nikipeleke maabara, jengo la pili, ghorofa ya chini. Nilikikuta chumba cha mapokezi kitupu, daftari limefunguliwa juu ya meza. Nikasimama dakika 40 nimekishika kichupa kile kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

Niliambiwa jibu ni baada ya siku 14. Siku ya 14 nikaambiwa bado. Siku ya 21 nikaambiwa mfupa lazima ulainishwe kwanza. Hilo nalielewa, na ni kweli: kipande cha mfupa hakikatiki kwa wembe wa maabara mpaka madini yake yaondolewe, aghalabu kwa tindikali. Wanafunzi wangu hulifanya jaribio hilo kwa mfupa wa kuku na siki, na baada ya siku chache mfupa unapinda kama mpira. Lakini punje ya mchele haihitaji mwezi mzima. Siku ya 33 nikaambiwa kichupa hakionekani. Kilipatikana, kumbe kiliingizwa kwa namba ya jalada la mgonjwa mwingine. Jibu lilitoka siku ya 49.

Kila Jumamosi nilikuwa nalipima paja la mwanangu, juu kidogo ya goti, kwa futi ya cherehani. Wiki ya kwanza sentimita 38. Wiki ya saba sentimita 44. Namba hizo nimeziandika nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo, na barua ya pili niliyowaandikia ilikuwa na nakala ya ukurasa huo. Dawa za saratani hazianzi kabla ya jibu la kinyama, nanyi mnalijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo siku 49 zile saratani ilikuwa kazini, sisi tukiwa kwenye benchi.

2. Fomu ya kukata mguu bila maelezo

Niliitwa chumba cha sista saa kumi na moja jioni. Nikapewa fomu, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. "Saini hapa, na hapa." Nikauliza kama kuna njia ya kuutoa uvimbe na kuuacha mguu. Nikajibiwa, "Hayo mambo ni ya Ulaya." Nikasaini.

Sisemi kwamba mguu ungeokoka. Nimesoma sana tangu siku ile, na ninakubali kwamba uvimbe ukishaizingira mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, kukata ndiko kunakoyaokoa maisha, popote pale duniani. Nalalamikia sentensi ile. Mzazi anastahili kuambiwa: tumeangalia mishipa, hali iko hivi, tukiuacha mguu hatari ni hii, tukiukata faida ni hii. Nusu saa ingetosha. Binti yangu naye alistahili kusikia kwa masikio yake, maana mguu ulikuwa wake. Yeye aliambiwa na mtoto wa kitanda cha jirani.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyetueleza, nalo ni kwa nini kisu peke yake hakitoshi. Kabla ya miaka ya 1970, wagonjwa wa osteosakoma walikatwa miguu na bado kama wanne kati ya watano walikufa, kwa sababu mbegu za ugonjwa zilikuwa zimeshafika kwenye mapafu. Zilipokuja dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, za kabla na za baada ya upasuaji, hali ilibadilika hadi takriban wawili kati ya watatu wakapona, ugonjwa ukikutwa bado haujasambaa. Ningeelezwa hivyo mapema, nisingelia kila binti yangu alipotapika nikidhani tunamtesa bure. Na kuna mzazi mmoja, nitamtaja hapo chini, ambaye asingefanya alichofanya.

3. Stoo isiyo na kitu cha kujazia mfupa

Hapa naomba mnivumilie, maana ndilo jambo lililonifanya nikae usiku nikisoma.

Kwenye wodi ya mifupa, tulipokuwa tukimsubiri fundi wa miguu ya bandia, tulikuwa jirani na kijana wa bodaboda mwenye uvimbe wa seli kubwa kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti. Uvimbe ule kwa kawaida hausambai mwilini, ila unaula mfupa ukawa tundu, na hupenda kurudi. Matibabu yake ni kuukwangua na kulijaza tundu. Kijana alikaa kitandani wiki tano kwa kuwa stoo haikuwa na saruji ya mfupa. Mwishowe kaka yake alipewa kikaratasi, akaenda kuinunua duka la nje.

Saruji ile siibezi. Ikiganda inatoa joto linalosaidia kuua mabaki ya uvimbe, na inabeba uzito mapema. Lakini ni aina ya plastiki. Itakaa mguuni mwa kijana kama jiwe lililotiwa ndani ya mti, na haitageuka mfupa hata siku moja.

Vipo vitu vinavyogeuka. Mwaka 1969 mhandisi Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alitengeneza kioo cha aina yake. Inaelezwa kwamba wazo lilianzia safarini ndani ya basi, alipoketi na kanali aliyetoka vita vya Vietnam, na kanali huyo akamuuliza kama anaweza kubuni kitu ambacho mwili hautakikataa, kwa sababu vijana walikuwa wakikatwa viungo kwa maelfu. Hench akachanganya silika (madini ya mchanga), sodiamu, kalsiamu na fosforasi. Vipande vya kioo hicho vilipandikizwa kwenye mifupa ya panya, na baada ya wiki sita daktari aliyevipandikiza akashindwa kuving'oa. Vilikuwa vimeshikana na mfupa.

Kemia yake naweza kuifundisha kidato cha tatu. Kioo kikikutana na majimaji ya mwili, sodiamu inatoka na haidrojeni inachukua nafasi yake. Juu ya kioo unabaki utando wa silika kama jeli. Kwenye utando huo kalsiamu na fosfeti zinatua, zinajipanga, zinakuwa fuwele za madini yaleyale yaliyomo katika mfupa. Seli za mfupa zikifika hapo zinakuta nyumbani. Kioo kinayeyuka polepole, mfupa unachukua nafasi.

Msiniambie ni ndoto za maabara. Kioo hicho kilianza kutumika kwa binadamu katikati ya miaka ya 1980, kwenye vifupa vya sikio la kati, kisha kwenye taya na meno. Huko Turku, Finland, madaktari walikitumia kioo cha jamii hiyo kujazia matundu ya vivimbe vya mfupa visivyo saratani, wakakilinganisha na mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliochotwa nyongani, na wakawafuatilia wagonjwa hao miaka 14. Saruji za kalsiamu na fosfeti, zile zinazogandia ndani ya mwili bila kuchoma na kuwa madini ya mfupa, zilibuniwa Marekani miaka hiyohiyo ya 1980. Chembechembe za kalsiamu fosfeti ziko sokoni kwa miongo. Hivi si vitu vya kubeba uzito siku ya kwanza, na si kila mgonjwa vinamfaa. Daktari ndiye ajuaye. Ila daktari hawezi kuchagua kisichokuwepo. Nilipomuuliza mfamasia, alinionyesha kwa uungwana orodha ya vifaa vinavyoagizwa. Hakuna hata kimoja cha kuujenga mfupa. Hata saruji ya plastiki ilikuwa na alama ya "imeisha".

4. Wauza poda nje ya geti

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, hata kuliko la kinyama.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aston, mjini Birmingham, Uingereza, walitangaza kwamba wameweka galiamu ndani ya kioo hai cha kujenga mfupa, yaani kioo cha jamii ile ya Hench, na kwamba kioo hicho kiliua asilimia 99 ya seli za osteosakoma. Habari ni ya kweli, na mimi niliposoma nililia kwa furaha jikoni. Galiamu ni metali inayoyeyuka kiganjani. Kikemia inafanana na chuma, na seli za saratani zina njaa kubwa ya chuma kwa sababu zinagawanyika bila kupumzika. Zinaimeza galiamu zikidhani ni chuma. Ikishaingia, haiwezi kufanya kazi ya chuma, na seli inashindwa kutengeneza DNA mpya. Kioo kilekile kinaua mabaki ya ugonjwa, na hapohapo kinaanza kuweka madini ya mfupa. Wazo lenyewe ni zuri mno: kuitumia njaa ya saratani dhidi yake, na kuliziba tundu kwa mkono uleule.

Lakini asilimia 99 ile ilipatikana kwenye seli zilizooteshwa maabara. Hakuna mtoto aliyetibiwa kwa kioo hicho katika utafiti ule. Na hata kikifika kwa wagonjwa, kitakuwa cha kuwekwa na mpasuaji ndani ya mfupa. Si cha kunywa.

Wiki chache baadaye, nje ya geti lenu, karibu na wauza ndizi na vocha, alikuwepo mtu mwenye meza na vikopo vya poda ya kijivu. Juu ya meza, karatasi iliyotolewa kopi: "Madini yanayoua saratani ya mfupa asilimia 99, imethibitishwa Uingereza." Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi na jioni. Mzazi niliyemtaja juu, baba wa mvulana wa miaka 13 aliyelazwa vitanda viwili kutoka kwetu, alinunua vikopo vitatu kwa shilingi 360,000. Akamrudisha mtoto nyumbani kabla ya dripu ya tatu, kwa kuwa kule dripu zinatapisha na poda haitapishi. Walirudi baada ya wiki tisa. Picha ya kifua ilikuwa imebadilika. Zaidi ya hapo sitasema, ni siri ya familia ile.

Niliripoti kwa mlinzi, kisha kwa ofisi ya utawala, kisha kwa maandishi katika barua ya tatu. Meza ilihama mita 50, ikavuka barabara. Nakubali kwamba barabara si yenu. Wodi, je? Ndani ya wodi hakuna karatasi hata moja, kwa Kiswahili, inayomweleza mzazi saratani ya mfupa ni nini, dripu ni za nini, na habari anazotumiwa kwenye simu azipime vipi. Tuliponyamaziwa ndani, yule wa nje akapata nafasi ya kusema.

5. Hatumo kwenye daftari

Nilipoomba kujua ni watoto wangapi wenye ugonjwa wa binti yangu wametibiwa kwenu miaka mitano iliyopita, na wangapi wako hai, nilijibiwa kwamba mafaili hayapangwi hivyo. Basi hata ninyi hamjui. Na siku watakapotafuta hospitali za kujaribia kioo cha galiamu au kingine kama hicho kwa wagonjwa, wataangalia kwanza nani ana daftari, nani amehifadhi vinyama, nani anaweza kumfuatilia mgonjwa kwa miaka. Sisi hatutakuwemo.

Ndugu Mwenyekiti, majibu ninayotegemea kupewa nayajua, kwa sababu mengine nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema hakuna fedha. Kwa vijazio vya mfupa nakubali ni gharama, na ndiyo maana hapo chini naomba hatua kwa hatua. Ila kichupa kupotea si suala la fedha. Kaunta buku moja, namba moja, na mtu mmoja wa kukibeba kutoka chumba cha upasuaji mpaka maabara. Nusu saa ya kuzungumza na mzazi haina tenda.

Mtasema tunachelewa kuja. Ni kweli, nami nilichelewa, na ninalala na kosa hilo kila usiku. Lakini nikijumlisha wiki zangu za mafuta ya kuchulia na siku zenu 49, sehemu yangu nimeibeba. Naomba nanyi mbebe yenu.

Mtasema wagonjwa wa aina hii ni wachache. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani za watoto, lengo likiwa angalau asilimia 60 ya watoto wapone ifikapo 2030. Saratani sita zikachaguliwa kuwa za kuanzia, na ya mfupa haimo. Uchache wetu umeshatupunja huko juu. Hapa chini, ambako mtoto ana jina na kitanda, uchache usiwe sababu ya pili.

Na wapo watakaosema kwamba utafiti ni wa wenzetu wenye maabara. Hapo nawakatalia kabisa. Ile saratani ya taya za watoto inayoitwa Burkitt ilielezwa Uganda mwaka 1958 na mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1967 hapohapo Mulago kikafunguliwa kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, na matibabu yaliyojaribiwa kwa watoto wa Kiafrika pale yalichangia kuifundisha dunia jinsi ya kuchanganya dawa za kemo. Walianza na vitanda vichache, na daftari lililotunzwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

1. Jibu la kinyama cha mfupa litoke ndani ya siku 14, na likichelewa mzazi apigiwe simu na kuelezwa sababu. Mzazi asikabidhiwe kichupa tena. Kibebwe na mtumishi, kisainiwe kinapotoka na kinapofika.

2. Kabla ya kumkata mtoto kiungo, mpasuaji, daktari wa saratani, wa picha na wa patholojia anayepima vinyama wakae pamoja, waandike uamuzi na sababu zake. Kisha mmoja wao akae na mzazi na mtoto, kwa Kiswahili, kabla ya fomu kuletwa.

3. Saruji ya mfupa isikosekane stoo. Na ndani ya mwaka mmoja wa fedha, idara ya mifupa ipewe nafasi ya kupendekeza angalau aina moja ya kijazio cha kalsiamu fosfeti au kioo hai kwa wagonjwa wanaofaa, kuanzia na wenye vivimbe visivyo saratani, ambako uzoefu wa miaka mingi upo.

4. Iandikwe karatasi moja ya maelezo kwa wazazi. Mimi niko tayari kuiandika rasimu bila malipo, madaktari wakaisahihisha. Iseme wazi kwamba hakuna poda ya kunywa inayotibu saratani ya mfupa, na ieleze habari za galiamu zilivyo kweli, bila kumvunja mtu moyo wala kumdanganya. Nendeni pia kwa serikali ya mtaa kuhusu ile meza. Mkiandika ninyi watasikilizwa, mimi sikusikilizwa.

5. Lifunguliwe daftari la wagonjwa wa saratani ya mfupa, kuanzia mwezi ujao, na vinyama vihifadhiwe kwa utaratibu. Vyuo vikuu vyetu vina wanakemia na wahandisi wanaoweza kushirikiana nanyi. Waandikieni.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Kama kuna nililokosea katika barua hii, nisahihisheni kwa maandishi na nitayatangaza masahihisho hayo hapahapa nilipoitangaza barua.

Binti yangu amemaliza dripu. Amerudi shuleni, kidato cha pili, na mguu wa bandia ambao bado unamchubua upande wa ndani kila akipanda ngazi za maabara yangu. Picha ya kifua ya mwezi uliopita ilikuwa safi. Kliniki yake ni kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Tunafika saa moja asubuhi, tunakaa benchi la mbele ya dirisha la dawa, mimi nikiwa na daftari langu la maandalio. Yeyote kati yenu akitaka kuzungumza nasi kabla ya hizo siku 30, atatukuta hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mgonjwa,
mwalimu wa kemia.

Nakala: masjala ya hospitali, kwa mara nyingine.